Basi la Saa Mbili Asubuhi

Nyumba ya Cherehani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na watoto. Hali yako vipi? Yule mdogo meno yameshatoka? Na zile zamu za usiku hospitalini, bado wanakubandika wewe tu, au wamekuonea huruma? Uliposema kwenye simu kuwa baridi imekupasua midomo nilikuona kabisa unavyoilamba, kama ulivyokuwa ukifanya enzi zile tunalala kitanda kimoja na kugombania shuka.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama yako magoti yanamsumbua. Nitakueleza kwa nini. Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena.

Dada, barua hii si ya habari njema, na mkosaji ndani yake ni mimi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia shemeji lolote.

Unajua kwamba Mama Mkubwa alijiunga na Jumuiya ya Elimu na Utamaduni, ile ninayoichapia barua na kumbukumbu za mikutano. Ni mimi niliyempeleka. Alikuwa amestaafu kushona sare za wauguzi, anashinda na redio, nikamwambia aje Alhamisi jioni asikilize mihadhara badala ya kuzungumza na cherehani. Alikuja na daftari. Mhadhara wa kwanza ulikuwa wa nyota, wa pili wa mifupa ya kale, na yote aliiandika, kisha akirudi nyumbani ananihadithia mimi niliyekuwepo.

Tatizo ni kwamba alikuwa anauliza maswali. Watu wa pale hawaulizi, Dada. Wanatoa maoni marefu ili wajulikane nao wamesoma. Mama yako ananyoosha mkono, anasimama, anauliza kitu kimoja kifupi, na mara nyingi mhadhiri anabaki anakunywa maji. Wajumbe wa kamati walianza kumwita Bi Mkono. Wakitamka jina hilo ofisini walikuwa wananitazama kuona kama nitacheka. Nilicheka.

Mwezi wa saba Mwenyekiti alitoa mhadhara wake mwenyewe. Wote tunamwita Profesa, ingawa alistaafu ukaguzi wa shule. Alileta joho la babu yake, akalivisha sanamu ya dukani, akasema lina zaidi ya miaka mia moja, limeshonwa kwa mkono tangu kola hadi pindo, na kwamba babu yake alilivaa siku mji huu ulipowekewa jiwe la kwanza. Watu wakapiga makofi. Wakaruhusiwa kupita mbele mmoja mmoja kuliangalia.

Mama Mkubwa alipofika aliinama, akalipindua pindo kwa vidole viwili, vile anavyofanya na nguo yoyote, hata ya padri. Akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha mkono.

"Samahani, Profesa," akasema. "Pindo hili ni la ovaloki, ile mashine inayokata na kushona kwa pamoja. Na uzi wake ni nailoni. Ukiusogezea kiberiti utajikunja. Labda lilirekebishwa baadaye?"

Alikuwa anamsaidia, Dada. Ile "labda" ilikuwa mlango wa kutokea. Lakini mfamasia wa mtaani kwetu, naye mwanachama, alicheka kwa sauti, na ukumbi mzima ukamfuata. Profesa naye alitabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikaona namna alivyokuwa akiikunja karatasi yake ya mhadhara mpaka ikawa ndogo kama kidole.

Wiki chache baadaye Profesa alilitoa joho hilo kwa makumbusho ya mkoa. Jumuiya ikapanga ziara ya kwenda kuliona likikabidhiwa, na wageni kutoka wizarani wangekuwepo. Wanachama wote walialikwa. Mama yako alianza kushona gauni siku ile ile tangazo lilipotolewa. La bluu, kola nyeupe, vifungo vya kufunika kwa kitambaa. Alilifumua mara mbili kwa sababu bega halikukaa.

Profesa aliniita ofisini kwake. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza kama bado nataka ile nafasi ya katibu wa kudumu. Nikasema ndiyo. Akasema mwanachama fulani anaweza kuchoka na safari ndefu, na itakuwa vizuri kama hatafika. Nikauliza nimwambie nini. Akasema, "Wewe ndiye katibu. Katibu ndiye anayetangaza saa."

Barua za mwaliko nilizichapa mimi: basi litaondoka kwenye geti la Jumuiya saa mbili kamili asubuhi. Nilizisambaza nyingine zote, ya mama yako nikaiacha kwenye droo. Nikamwambia kwa mdomo kwamba ni saa nne.

"Saa nne?" akaniuliza. "Si mbali kule?"

"Saa nne, Mama."

Akaandika kwenye daftari lake. Kabla ya kulala aliniuliza tena, nikamjibu vile vile, wala sauti haikunitetemeka. Asubuhi niliondoka nyumbani mapema nikimwambia natangulia kupanga viti. Alinikunjia kola ya shati langu vizuri kwa nyuma.

Alifika getini saa tatu na nusu. Haya nimeyapata kwa mlinzi wa pale. Alikuwa na gauni lake, mkoba, na chupa ya chai kwa ajili yake na yangu. Mlinzi alimwambia basi limeshaondoka. Hakuamini. Alimwonyesha daftari. Basi mlinzi, ambaye ni mtu mzuri, akanipigia simu.

Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa makumbusho, mita mbili kutoka kwenye joho. Dada, hapa ndipo ninapokosa usingizi. Ningeweza kusema tumemwacha kwa makosa, aende nyumbani. Lakini niliogopa kwamba atakodi gari na kutokea mlangoni na kola yake nyeupe. Nikamwambia mlinzi: lililoondoka ni la wageni, la wanachama limeharibika njiani, litatengenezwa lije kumchukua, asiondoke.

Alisubiri mpaka saa tisa. Pale getini hakuna benchi. Mlinzi alimpa kiti chake, akakaa kidogo, akasimama tena asije akakunja gauni. Jua lilipogeuka alihamia upande wa pili wa geti, jua likamfuata.

Sisi huko tulipiga picha. Mkubwa mmoja wa wizara alisema hajapata kuona mshono wa mkono safi namna hiyo. Nikaiandika kauli hiyo neno kwa neno.

Jumatatu nikapewa barua ya ajira. Nina ofisi, nina ufunguo wa maktaba. Nilifurahi, sitakuficha. Mama Mkubwa alinipongeza akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwenye mhadhara, magoti yamevimba. Kabla ya kuanza, Profesa akasema mbele ya wote kwamba safari ilikuwa nzuri, na kwamba jumuiya itafikiria kuwanunulia baadhi ya wanachama saa za ukutani. Watu wakacheka. Mama yako akasimama. Nilidhani atauliza swali. Akasema, "Naomba radhi kwa kuchelewa. Nadhani niliandika vibaya." Naye akacheka kidogo pamoja nao.

Nikaandika kwenye kumbukumbu: mwanachama mmoja aliomba radhi. Profesa akaisoma, akaweka sahihi.

Kwa sababu ya magoti alikwenda kununua dawa. Mfamasia, ambaye hakuwepo Alhamisi ile, akampa pole, akidhani siku ya ziara hakuonekana kwa sababu aliumwa. Mama akamwambia hakuumwa, alichelewa, na basi la wanachama liliharibika. Mfamasia akashangaa: basi lilikuwa moja tu, wala halikuharibika. Akafungua mkoba wake, akampa Mama barua yake ya mwaliko, yenye saa mbili kamili na sahihi yangu chini.

Mama alikuja maktaba moja kwa moja. Nilikuwa napanga vitabu. Aliweka daftari lake mezani, limefunguliwa, na barua ya mfamasia juu yake.

"Saa nilizielewa vibaya?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Na basi kuharibika?"

"Halikuharibika. Nilimwambia mlinzi akwambie hivyo."

Alikaa.

"Mimi nilikuwa namwombea dereva," akasema.

Dada, ningetaka anipige. Huyu ndiye aliyenisomesha uhazili kwa cherehani ile, mama yangu alipofariki, mimi na wewe tukavaa gauni za kitambaa kimoja ili mtu asijue yupi ni wa kuzaa na yupi ni wa kulea. Nilianza kueleza habari za Profesa. Akainua mkono, ule ule.

"Profesa hakulala nyumbani kwangu. Wewe ulilala," akasema.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba wewe ulimpigia simu jioni ile ya ziara ukamuuliza imekuwaje, naye, ili usihuzunike mbali huko, alikwambia ilikuwa nzuri sana, na kwamba joho lilipendeza. "Nimemdanganya mwanangu kwa ajili yako," akasema. "Sasa utamwandikia. Si simu. Kwenye simu utalia, atakuhurumia, ataanza kukubembeleza. Andika."

Nilimuuliza kama niache kazi. Akasema hiyo ni kazi yangu, anayeijua ni mimi. Sijaacha. Nakuambia ukweli, sijaacha, na sijui kama nitaacha. Kamati imepitisha kwamba maswali yote sasa yaletwe kwa maandishi siku tatu kabla ya mhadhara, yapitie kwangu. Joho lipo kwenye kabati la kioo, na kibao chake nimekichapa mimi: limeshonwa kwa mkono.

Mama Mkubwa harudi tena Alhamisi. Kadi yake ya uanachama aliiacha mezani kwangu siku ile. Gauni la bluu ameliuza kwa mke wa mlinzi, akalipunguza kiuno mwenyewe. Nyumbani bado ananiwekea chakula, bado ananifulia nikichelewa, lakini haniiti tena mwanangu. Ananiita Katibu. "Katibu, maji yamechemka." "Katibu, funga dirisha." Majirani wanadhani ni heshima, na wao wameanza.

Barua hii ameisoma kabla sijaikunja. Amevaa miwani, amefuata kila mstari kwa kidole. Nilikuwa nimeandika kwamba alilia pale getini. Amekata. Anasema hakulia, alikuwa anainua shingo kila gari lilipopita, na kwamba nikitaka kuandika niandike hivyo. Mengine hakugusa.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, na Kibonge, na yule pacha wake asiyependa viatu. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape riziki isiyo na masimango, na akurudishe nyumbani mama yako akiwa bado anasimama kwa miguu yake.

Mwisho kabisa nilikuwa nimeandika "wako akupendaye". Mama Mkubwa ameomba kalamu, amelikata neno la pili, akanirudishia. Anasema kama nakupenda au sikupendi, baada ya kusoma haya utaamua wewe.

Wako,

Mdogo wako.