Mita hamsini, na wanaume wa mita mia mbili

Alhamisi, jioni. Mvua ilipiga mpaka alfajiri, kisha jua likatoka kali, na sasa hapa Sitalike kuna ule unyevunyevu unaowafanya mbung'o waume kama wametumwa. Nimechoka, nimekasirika, na nguo zangu zinanuka baruti. Nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba changu, naandika kabla chakula hakijaiva, kwa sababu nikishiba nitasamehe, na leo sitaki kusamehe.

Kwa asiyenijua, mimi ni askari wa wanyamapori. Naitwa pale ambapo mnyama na mkulima wameshindwana. Kesho asubuhi naenda Kakese, ambako kiboko dume mmoja amehamia kwenye mashamba ya mpunga. Ana kidonda cha waya wa mtego mguuni, na maumivu yamemfanya awe mkali kupita kiasi. Juzi alimkimbiza mama mmoja aliyekuwa anakwenda kufukuza ndege shambani, mama akaanguka akavunjika mkono. Mpunga umekaribia kuvunwa na watu wanaogopa kuufuata. Kibali cha kumuua kimetoka. Mchana analala kwenye matete, na wa kumfuata humo ndani ni mimi.

Matete yale yamenipita kimo. Ukimwona kiboko mle, yuko mita thelathini, arobaini ukiwa na bahati. Ukimwona kwa mita mia, basi hauko kwenye matete, uko barabarani unapiga picha.

Sasa bunduki. Kituo chetu kina bunduki kubwa moja tu ya kumwangusha mnyama wa namna hiyo. Kile kijichuma cha mbele cha kulengea kilivunjika, tukasubiri kipya msimu mzima, na wiki hii kimefika. Kipya huja kirefu kwa makusudi, ili ukipunguze mwenyewe kwa tupa. Kikiwa kirefu, risasi inapiga chini ya ulipolenga. Ukikisaga, inapanda. Unapiga, unasaga, unapiga tena, mpaka risasi iende pale pale jicho linapotazama. Ila lazima uamue kwanza: pale pale kwa umbali gani? Maana chuma kikishasagwa hakioti tena.

Hapo ndipo wanaume walipoingia.

Mkuu wetu alifika na gari asubuhi, miwani ya jua usoni, akatangaza kwamba tutailinganisha kwa mita mia mbili. Nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea jibu la kipuuzi, na sikunyimwa.

"Afande Vero," akasema, "ukiweza mbali, karibu utaweza tu."

Linasikika kama neno la hekima, eti. Ndivyo uongo mwingi ulivyo ukisemwa na mtu aliyevaa miwani ya jua.

Risasi haiendi kama uzi uliovutwa. Inaanza chini kidogo ya macho yako, inapanda, kisha inashuka. Ukitaka ikutane na jicho kwenye mita mia mbili, lazima njiani ipande sana. Kwa mita mia itapita juu ya ulipolenga kwa upana wa kiganja. Kwa mita arobaini, kama vidole viwili. Utaniambia vidole viwili ni nini kwa mnyama mkubwa vile. Kiboko ni mkubwa, lakini ubongo wake ni mdogo na umefichwa ndani ya mfupa. Vidole viwili juu yake umepiga fuvu tu, umemwongezea hasira, na hapo mlipo hamna pa kukimbilia. Ndiyo maana nilitaka mita hamsini. Nilimweleza yote haya taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Akasema mita hamsini ni umbali wa kurusha mawe.

Jeremia alicheka. Jeremia ni mwenzangu kituoni, ana simu iliyojaa video za watu wanaopiga swala kwenye nchi zenye theluji, na kwa sababu hiyo anajihesabu mwindaji. Anacheka kila Mkuu anapocheka, na mara nyingine anawahi kabla. Lakini leo alitaka pia kuwa msuluhishi. Akasema, "Mkuu anasema mia mbili, wewe unasema hamsini. Tukutane mia na ishirini, basi yaishe."

Mia na ishirini! Kama tunapatana bei ya kuku sokoni Mpanda. Muuzaji ashuke kidogo, mnunuzi apande kidogo, kila mtu aende nyumbani ameridhika. Kiboko hakuulizwa kama ameridhika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila wengine wamenyoa upara.

Mkuu hakutaka hata hiyo bei ya katikati. Mia mbili, basi. Wakapima kwa kamba mpaka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya kituo, wakaegesha pale boksi la mafuta ya kula lenye duara la mkaa.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayotaka kuiruka.

Bunduki yenye kijichuma kipya, kirefu, ambacho hakijaguswa na tupa, huianzii mbali. Unaanzia karibu, uone risasi inaangukia wapi, usage kidogo kidogo, ndipo urudi nyuma. Ukianzia mita mia mbili itapiga chini mno, hutaona hata tundu la kukuambia umekosea kiasi gani. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeshika tupa mkononi nikijua hivyo. Na nilinyamaza.

Mkuu alilala chini kwa madaha, akapiga. Vumbi likaruka nyasini, mbali kabla ya kichuguu. Akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani. Akapiga tena, vumbi tena, akasema kitako cha bunduki kimekaa vibaya. Akapiga ya tatu, akainuka akijipangusa magoti, akasema risasi hizi zimekaa sana stoo. Jeremia akapiga mbili, na ya pili nadhani alifumba macho. Boksi lilikaa pale salama, hata inzi waliotua juu yake hawakushtuka.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilisimama nyuma yao nikitazama vumbi lile linavyoruka, na moyoni nilikuwa nakula asali.

Kisha simu ya Mkuu ikaita, akasema ana kikao mjini, akapanda gari. "Malizieni nyie," akasema, kana kwamba kuna kitu walichokuwa wameanza. Jeremia akaomba lifti.

Nikabaki na bunduki. Nikasogeza boksi karibu, mita hamsini, nikaweka mfuko wa mchanga wa kuegemea. Risasi yangu ya kwanza ilipiga pembe ya chini ya boksi. Nikasaga, nikapima kwa macho, nikasaga tena. Ya pili ikapanda karibu na duara. Nikasaga kidogo sana, pumzi nimeibana. Ya tatu ikaingia katikati ya mkaa. Bunduki hiyo sasa inapiga ninapotazama, na hakuna mwenye miwani atakayeibadilisha.

Ndipo nilipofungua boksi la risasi kuziweka tayari kwa kesho. Tulipewa kumi. Zimebaki mbili.

Risasi mbili, kwa kiboko mwenye kidonda, ndani ya matete.

Nimekaa hapa tangu saa kumi nikiwadharau wanaume wawili waliochoma risasi tano kwa sababu ya kiburi. Kila nikiwadharau, najikuta nimesimama nyuma yao na tupa mkononi, mdomo umefungwa, nikitazama uhai wangu unavyoruka vumbi nyasini. Wao hawakujua, na kutokujua kwao ni upumbavu wa kawaida. Wangu sijui niuite nini. Neno moja tu, "anzeni karibu," lingenitosha. Sikulisema kwa sababu nilitaka wakose.

Ufunguo wa stoo anakaa nao Mkuu. Kupata risasi nyingine lazima nimwombe yeye, na lazima nimweleze zilizopita zimeendaje. Nimeishika simu hii kwa muda mrefu. Nimewaza kwenda hivyo hivyo na mbili. Nina mkono mzuri, bunduki iko sawa, ya kwanza inaweza kutosha.

Inaweza. Hilo ndilo neno alilokuwa nalo Mkuu asubuhi, tofauti yetu ni miwani tu.

Basi nimempigia, sasa hivi, ugali ukiwa jikoni. Akauliza kama si tulipewa kumi. Nikasema zimebaki mbili. Akauliza nyingine zimeenda wapi, kwa sauti ya mtu ambaye hajashika bunduki leo. Ningeweza kumtajia zake tatu, moja moja, na upepo wake.

"Tulianza mbali, Mkuu," nikamwambia. "Nilijua ni makosa na sikusema. Naomba nyingine kabla sijaenda."

Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba. Akasema nipite asubuhi na mapema, atanifungulia. Akasema pia kwamba wenzake mjini lazima wasikie jinsi Afande Vero, bingwa wa shabaha, alivyomaliza risasi kwa kupiga boksi.

Naijua hadithi hiyo itakavyokuwa. Yeye hatakuwemo. Hata Jeremia ataisimulia, na atacheka kabla hajafika mwisho.

Waisimulie mwaka mzima. Nataka niwepo, hai, niwasikie.