Shemeji Anasema Fundi Omosa Ananiibia Injini

Mpendwa Mama Adoyo,

Nakusalimu kutoka Kaplong na nakuomba unisaidie mawazo kabla ya Jumamosi, maana kichwa changu kimejaa na mke wangu Chemutai amechoka kunisikiliza. Marehemu baba aliniachia Pijo 404 ya mizigo, gari aliyobebea maziwa na majani chai miaka mingi, na wakati wa vita vya makabila vya mwaka wa tisini na mbili alificha ndani yake Sellah, mke wa fundi wake Omosa, pamoja na watoto, akawafunika na turubai na nyasi ya ng'ombe akawavusha mpaka upande wa Kisii, kwa sababu Omosa ni Mkisii na sisi ni Wakipsigis, na siku hizo jina lilitosha kukuua, hakuna aliyeuliza mara mbili.

Vita vilipoisha Omosa alirudi akafungua tena gereji yake hapa, na injini ya Pijo iliposhika kabisa ikakataa kuzunguka ni yeye aliniambia, "Johana, mpya hutaweza. Tutafute ya 504 iliyoanguka. Inalala ubavu kama hii ya mzee, itaingia." Tukaipata Fort Ternan, bloku nzima lakini kichwa kimepinda, tukakipeleka Kericho kikachongwa, na vile mimi nategemea bonasi ya chai tu, tukakubaliana kabureta na stata zitoke kwa injini ya zamani.

Sasa sikia. Siku ya pili baada ya ile mvua ya mawe iliyoharibu majani chai, Omosa alienda kwao wiki nzima kuzika mama yake, akaniachia ufunguo wa gereji, na mimi nikiwa na kazi nyingi shambani nikampa shemeji yangu Kipkurui, ndugu ya Chemutai, awe analala huko alinde. Omosa aliporudi kutoka mazishi aliniita akasema kabureta na stata hazipo.

"Wewe ulizichukua?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Akasema sawa, akarudi kazini, na mimi nikaona hiyo sawa yake ni ya haraka sana.

Nilimwambia Kipkurui, akacheka kidogo. "Shemeji, mwizi ndiye hutangulia kupiga kelele. Baba yako aliwabeba hao watu, sasa ona wanavyokulipa."

Tangu hapo, Mama, sina amani. Nikienda gereji macho yangu yanatembea kwa kila boliti. Omosa akifunika injini na gunia nafikiri anaficha kitu, akiiacha wazi nafikiri anataka nione kwamba hafichi. Sellah akinipa chai naangalia ndani ya kikombe kwanza, naona aibu, lakini naangalia. Nikaanza kukumbuka kwamba pistoni alienda kununua peke yake, na kwamba siku ya kupanga ringi za pistoni aliniambia nirudi nyumbani. Halafu juzi nikiwa soko ya Sigor nikaona Pijo ya mtu imefunguliwa boneti na kabureta ni yetu, naijua kwa sababu baba aliitengeneza na spoku ya baiskeli. Mwenye gari akaniambia aliuziwa na kijana fulani hapo sokoni, wiki ile watu walikuwa wanalilia chai yao kwa sababu ya mvua ya mawe, na zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Kipkurui anasema ushahidi ndio huo, Omosa ana watu wake huko. Jumamosi atakuja na vijana watoe gari na injini kwa nguvu wapeleke kwa rafiki yake mwenye gereji Bomet, na Omosa akileta maneno, vijana watajua la kufanya. Mama, huu ni mwaka wa kura, na vijana wakishajua la kufanya kwa gereji ya Mkisii huwa hawaishii kwa gereji. Lakini pia sitaki kuwa mjinga wa kuibiwa huku nikitabasamu. Nifanye nini?

Johana, Kaplong

*Mama Adoyo anajibu:*

Johana,

Pole kwa kufiwa na mzee, na pole kwa usingizi uliopotea. Pole zangu zinaishia hapo.

Jibu umeliandika wewe mwenyewe, kisha ukalipita. Kabureta iliuzwa Sigor wiki ya mvua ya mawe. Wiki hiyo Omosa alikuwa kwao akimzika mama yake. Ufunguo alikuwa nao nani? Huyo huyo ndiye wa kwanza kumtaja Omosa, na ndiye anayetaka gari liende kwa rafiki yake. Sisemi nilimwona akiiba. Nasema mtu mmoja umemchunguza mpaka ndani ya kikombe, na mwingine hukumuuliza hata swali moja, kwa sababu yule si wa kwenu na huyu ni wa kwenu. Hapo ndipo ninapokugombeza. Na kuhusu ringi, fundi gani anapenda mtu wa hadithi nyingi kama wewe karibu naye wakati wa kuzipanga?

Usingoje Jumamosi. Ijumaa mchana nenda kwa Omosa pamoja na Chemutai, maana anayeshukiwa sasa ni ndugu yake, na si vizuri ayasikie kwa majirani. Mwambie Omosa ulivyomshuku, usipunguze. Mwambie habari ya vijana, na chifu pia umwambie. Tafuta trekta, vuteni gari na injini mpaka kwako, amalizie kazi katika boma lako, ili anayetaka kumgusa apitie kwako kwanza.

Wasomaji, jibu hili nilimpa mchungaji aliyekuwa akisafiri Sotik, karibu na Kaplong, alifikishe kwa mkono, kwa sababu Jumamosi haingoji gazeti. Baadaye Johana alinipigia simu kutoka posta. Gari lilivutwa Ijumaa. Vijana na Kipkurui walikuta gereji imefungwa, wakaja kwa Johana, wakamkuta Omosa chini ya Pijo akifunga injini na Chemutai amesimama langoni.

"Kabureta ya baba mkwe uliiuza kwa nani?" Chemutai alimuuliza ndugu yake mbele ya wote.

Vijana walimtazama Kipkurui, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Jumatatu mama yake Kipkurui aliirudisha stata mwenyewe, imefungwa kwa leso pamoja na pesa za kuikomboa kabureta.

Lakini Omosa alimwambia Johana hivi: "Injini nitamaliza kwa sababu ya mzee wako. Halafu nahamia Keroka, upande wa kwetu. Mimi nilikuuliza, ukasema hapana, nikaamini. Wewe hukuniuliza."

Sasa Johana anataka dawa ya kumfanya Omosa abaki. Johana, dawa hiyo sina. Asubuhi fika kwenye Pijo kabla yake, mshikie spana, usijitetee. Akibaki, shukuru. Akienda, mbebee vyombo vyake mpaka Keroka kwa gari hilo, na usukani ushike wewe mwenyewe.