Sajenti Amepanda Kilima kwa Injini ya Basi

Nyumbani kwa Babu,
Juu kilimani.
Jumapili, tarehe 1, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na wote wa nyumbani kwako. Je, kile kikohozi ulichokipata wakati wa baridi kimekuachia? Mama ananituma nikuulize pia kama unakula vizuri, maana katika picha uliyotutumia anaona uso umepungua. Mimi naona ni kivuli cha kofia tu, lakini nimetumwa, nimeuliza.

Sisi huku hatujambo. Goti la Babu ndilo bado linasumbua. Anatoka kitandani hadi barazani, kisha anarudi, na kushuka kilima mpaka gereji ameacha kabisa. Mama ana sare nyingi za kushona. Baba, kaka yako, ameungua kidogo mkononi, ila anawaonyesha watu jeraha hilo kama nishani, kwa hiyo usimwonee huruma.

Shangazi, nimejitahidi kusalimu kwa utaratibu kama tulivyofundishwa, lakini sasa siwezi kujizuia zaidi. Sajenti hauzwi! Jana amepanda kilima mwenyewe, mapipa ya maji yakiwa mgongoni, na sasa ameegeshwa mbele ya baraza ya Babu. Barua hii naiandika nikiwa ndani yake, karatasi ikiwa juu ya ubao wa Mama wa kukatia vitambaa. Unisamehe mwandiko.

Acha nianze mwanzo. Unajua kwamba tangu injini ya petroli ya lori hili la Babu ipasuke, Sajenti alikaa nyuma ya gereji ya Baba, huko chini, na kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kila mwaka Baba alisema atamtia injini ya dizeli, na kila mwaka kulikuwa na gari la mteja lililotangulia. Mwezi uliopita Babu alichoka kuambiwa kesho. Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, yule ambaye watu wote humwita Bwana Mizani. Bwana Mizani alimzunguka Sajenti, akamgonga ubavuni kwa vidole kama anayechagua tikiti maji, kisha akachora kwa chaki alama kubwa ya X mlangoni. Sikujua kama chaki inaweza kumuumiza mtu.

Jioni ile Babu alitamka neno lake mbele yetu sote. “Mwisho wa mwezi, Jumamosi. Akipanda mwenyewe hadi hapa barazani na mapipa yamejaa, abaki. Asipopanda, akatwe, na nisisikie tena jina la Sajenti katika nyumba hii.”

“Lakini mzee…” Baba akaanza.

“Lakini haina magurudumu, mwanangu.”

Usimfikirie Babu kuwa mkatili, Shangazi. Mama aliniambia kwamba lililomuuma ni kuku. Lori lililobeba wanajeshi, halafu likabeba mchanga, mawe na mahindi ya kilima kizima, limegeuka kiota. Aliona heri limalizike kuliko lichekwe. Nawe, uliyejifunzia kuendesha ndani yake, ulipopata habari ukatuma ule ujumbe wako mfupi: “Mwambieni kaka asiache shule yangu iuzwe.” Baba aliunakili kwa kalamu nene, akaubandika ukutani juu ya meza ya kazi, na tangu siku hiyo magari ya wateja ndiyo yaliyosubiri.

Injini ilitoka kwenye basi ambalo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu, lakini injini yenyewe ilikuwa nzima. Baba alinieleza kwamba dizeli haihitaji plagi za kuwasha moto. Hewa inakandamizwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yakinyunyizwa yanalipuka yenyewe. Nililipenda sana jambo hilo. Nikawa kila nikitoka shule napita gereji kuosha bolti na kumulika taa. Nilinuka dizeli hata mwenzangu wa dawati akaomba kukaa dirishani.

Shida ikawa moja. Sajenti husukumwa na magurudumu yote manne, kwa hiyo hata ekseli yake ya mbele ina difu, lile bonge la chuma lenye gia ndani yake. Na injini ya basi ina sampu ndefu, yaani bakuli la oili linaloning'inia chini yake. Kila walipoishusha injini, sampu ilikaa juu ya difu, na injini ikabaki imeinua pua, boneti haifungi.

Baba alisimama mikono kiunoni. Pamoja naye alikuwa fundi wake wa kuchomelea, yule mrefu aitwaye Cheche. Ndipo Cheche akapata wazo.

“Bosi, si difu liko upande wa kulia? Tulihamishie kushoto. Tunaigeuza ekseli, juu inakuwa chini, kwisha kazi.”

“Cheche, wewe ni mtu hatari,” Baba akasema, na macho yake yaling'aa.

Waliigeuza. Injini ikashuka, ikakaa kana kwamba imezaliwa humo. Nami nilipiga makofi, sitaki kujifanya kwamba nilishtukia chochote. Ilipowashwa ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma, na kuku wote wakahama. Hawajarudi hadi leo. Baba alimzungusha Sajenti uwanjani kwa magurudumu ya nyuma peke yake, mbele na nyuma, akatoka na kucheza ngoma asiyoijua mtu mwingine.

Siku iliyofuata wakampeleka mguuni mwa kilima kumjaribu. Mvua ilikuwa imenyesha. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza kwenye tope, na Baba akavuta ule mshikio wa kuyaita ya mbele yasaidie. Shangazi, injini ililia, lori zima likatetemeka, na halikusogea hata kidogo. Lilikuwa kama mtu anayevutwa mikono yote miwili na watu wasioelewana. Watu wakajaa. Bwana Mizani naye alikuwapo.

“Mwacheni mzee wa watu,” akasema. “Amestaafu!”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Cheche, aliyesimama mbele ya lori akimwelekeza Baba kwa mikono. Alikuwa ameloa tope kuanzia nywele hadi magotini. Nikajiuliza: gari linaloenda mbele hurusha tope nyuma, sasa Cheche anarushiwa na nani? Nikachuchumaa, nikatazama.

“Baba! Ya mbele yanarudi nyuma!”

“Mtoto huyu hajui mbele wala nyuma,” mama mmoja akasema.

Baba alitoa kichwa dirishani. Akamtazama Cheche. Akazima injini, akashuka, akatazama ekseli kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka hadi akakaa kwenye tope.

“Unacheka nini?” Cheche akauliza akijifuta macho. “Si mimi niliyepakwa?”

Ukitaka kuelewa, Shangazi, chukua kalamu uilaze mbele yako, uizungushe kwa vidole kama inayobingirika kwenda mbele. Bila kuacha kuizungusha, igeuze ncha ya kushoto iende kulia. Utaona sasa inabingirika kukujia. Ndivyo walivyoifanya ekseli. Walipoipindua, walipindua na mwendo wake, na magurudumu ya nyuma yalipokwenda mbele, ya mbele yalikuwa yanakwenda nyumbani.

Lakini kicheko kilipokwisha hakuna aliyebaki na furaha. Ekseli ilibidi irudishwe ilivyokuwa, na tukarudi palepale: sampu juu ya difu, boneti wazi, na Jumamosi inakuja. Baba alikaa juu ya tairi. Alikuwa anautazama ule ujumbe wako ukutani. Sijawahi kumwona baba yangu akiwa mdogo vile.

Mama alikuwa ameshuka kutuletea chakula, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida. Akainama chini ya injini iliyoning'inizwa kwa mnyororo.

“Kwani hili bakuli haliwezi kupunguzwa kiunoni?”

“Shemeji,” Cheche akasema kwa upole, “hili si gauni.”

“Ningefurahi kama gauni lingekuwa rahisi hivi. Huyu hapumui, hanenepi, na hatakuja kuniuliza kitambaa kilichobaki kiko wapi.”

Alipima difu, akapima sampu, akaomba mfuko mtupu wa saruji. Akaukata, akaukunja, akaubana kwa pini chini ya injini mpaka karatasi ikawa na umbo la bakuli jipya, lenye mbonyeo pale difu linapopita. Baba akamwambia kwamba oili haitatosha. Mama akajibu kwamba alichopunguza kiunoni atakirudisha mbele, akaongeza upana mahali penye nafasi. Cheche alikata bati nene kwa kufuata karatasi ile, akachomelea kingo taratibu, ndipo Baba alipoungua akimshikia. Wakajaza maji kujaribu. Halikuvuja hata tone. Tangu hapo Cheche humwita wifi yako Injinia wa Sindano, naye hujifanya hasikii.

Jumamosi ikafika. Mapipa yakajazwa maji na kufungwa kamba. Bwana Mizani alikuja na mkokoteni wenye mitungi ya gesi ya kukatia chuma, akauegesha katikati ya kilima, mahali pazuri pa kuona. Babu, kule juu, aliletewa kiti akakataa kukaa. Nami nilidhani nitatazama nikiwa kando ya barabara, lakini Baba alinifungulia mlango, ule wenye X.

“Panda. Mimi nitatazama njia, wewe tazama geji za oili na joto. Sema ukweli, usinifurahishe.”

Tukaanza. Chini palikuwa rahisi. Tulipofika kwenye ile kona ambapo maji yamechimba mfereji, nyuma ikaanza kuteleza, tukarudi kidogo, nikasikia maji yakimwagika kwenye mapipa. Bwana Mizani alikuwa amesimama pale pale. Baba aliniangalia mara moja.

“Oili ipo,” nikasema. “Joto liko katikati.”

Akavuta mshikio.

Shangazi, sijui niandike vipi. Sajenti aliinamisha pua kidogo, akashika. Tope liliruka, lakini liliruka nyuma! Kona ikapita, mawe yakapita, mkokoteni wa Bwana Mizani ukapita dirishani kwangu. Watu walikimbia pembeni wakishangilia, na Cheche miongoni mwao, akipiga kelele kwamba yeye mbele hasimami tena maishani. Baba alikuwa anaimba. Na mimi niliendelea kutaja oili na joto ingawa hakuna aliyenisikia, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

Tulipofika, Babu alikuwa ameshuka ngazi za baraza bila fimbo. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza.

“Sauti si yake,” akasema. “Lakini hatua ni zake.”

Kisha akafuta ile X kwa mkono wa shati lake, shati jeupe la Jumapili.

Bwana Mizani alipanda kwa miguu akihema. “Mzee, nimeshindwa. Basi nipeni angalau ile injini mbovu ya petroli.”

“Chukua. Ila chaki yako uiache shuleni kwa watoto.”

Wakacheka wote wawili, akapewa chai, na baadaye nilimsikia akimuuliza Baba kwa sauti ya chini kama injini ya dizeli inaweza kuingia kwenye kigari chake cha kubebea vyuma. Leo asubuhi, hata kabla hatujamaliza kuosha tope, wamekuja watu wengine wawili wenye malori ya zamani kuuliza swali hilohilo. Wote wameambiwa kwanza wakampigie magoti fundi cherehani.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niandike leo badala ya kungoja likizo. Jana jioni watu walipoondoka, Babu alinituma chini ya kitanda chake nikatoe mfuko. Ndani yake mlikuwa na mto mdogo wa kitambaa cha bluu. Je, unaukumbuka? Ni ule uliokuwa ukiukalia ili uone juu ya usukani. Sote tuliambiwa ulitupwa zamani. Babu aliuweka kwenye kiti cha dereva, akaupigapiga vumbi.

“Haya, Shangazi Mdogo, panda. Mwenzako alianza akiwa mfupi kuliko wewe.”

Hakuwahi kuniita jina hilo, nikadhani amenichanganya na wewe, maana siku hizi wakati mwingine hunichanganya. Nikamtazama Baba. Baba akaitikia kwa kichwa, akaingia upande wa abiria. Babu naye akapanda nyuma, Shangazi, na goti lake lile, akashika chuma kama mwanajeshi. Niliendesha kutoka baraza hadi kamba ya kuanikia nguo, kisha nikarudi. Nilizima injini mara moja tu, na nilirudi na shuka moja la Mama. Baba alisema likizo ijayo sitaosha tena bolti, nitazikaza. Usiku nimelala nikitabasamu.

Mto huu umebonyea katikati. Mwanzoni niliona umechakaa, nikataka kuugeuza. Babu amenikataza. Anasema pale ndipo ulipokuwa unakaa wewe, na mimi nikae palepale.

Babu anakusalimu, na amesisitiza niandike kwa maneno yake mwenyewe: shule yako haikuuzwa, na ada yake ni uje uione. Baba anakusalimu kwa mkono wenye nishani. Mama, wifi yako, anakusalimu na kukukumbusha kula. Cheche naye anakuamkia kwa heshima, akiwa amesimama kando.

Mungu akulinde huko uliko, akuondolee kikohozi, na siku utakayoshika njia ya kurudi akupe barabara isiyo na mashimo. Ukifika mguuni mwa kilima, usipande kwa miguu. Piga kelele tu. Sauti ya Sajenti imebadilika, lakini utamtambua, na anayemwendesha atakuwa amekalia mto wako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako akupendaye sana,

Shangazi Mdogo