Nilimngojea Bibi Harusi wa Kwedizinga, Nikamkosa wa Korogwe

Kwa Bi Dorkasi, mshauri wetu wa gazetini,

Shikamoo mama. Mimi ni mpambaji, nasuka, napaka hina, nanyoosha nywele kwa kitana cha moto kwa wale wanaotaka za kulala, na kibanda sina, napanda lori au natembea na kikapu changu kutoka hapa Korogwe mpaka Kerenge, Hale, hata Handeni, popote penye shughuli, na kazi hii naipenda mno, maana hakuna raha kama kumwona mwanamke akijitazama kwenye kioo akacheka peke yake, lakini mama, wateja wananilia siku zangu. Mmoja wa Kerenge ananiita kwa haraka kama nyumba inaungua, nafika jasho linanitoka naambiwa yuko shambani, mngoje, anakuja sasa hivi, na hiyo sasa hivi inaisha kuku wakiingia bandani. Mwingine nikimsuka nusu kichwa anainuka kusonga ugali, akitoka hapo anagombana na muuza samaki, akirudi kasahau ananiuliza, “Kwani tulikuwa tunasuka mtindo gani?” Na Bibi Shida wa Hale, mzee wa watu, kila nikienda nakuta kafunga kilemba chake vizuri, ananivutia kigoda na kuniambia, “Leo sisuki mjukuu wangu, nilitaka tu habari za Korogwe.”

Hayo yote nilikuwa nayacheka mpaka likanifika la Kwedizinga, nalo ndilo linalonikosesha raha, naomba unisikilize.

Niliitwa kumpamba Chausiku binti Abdi, aolewe Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo mchana nilikuwa na Grasiana wa hapa kwetu Korogwe, anafunga ndoa kanisani, nikasema nitaweza, hina napaka Ijumaa, alfajiri napanda lori, asubuhi namnyoosha Grasiana nywele. Ijumaa nikampaka Chausiku ua zuri mpaka mimi mwenyewe nikalionea fahari, nikatoka uani kula, kurudi nakuta ameosha mikono. Anasema ua limepinda. Nikapaka tena. Kulipokucha nakuta amefuta tena kabla halijashika, anasema linawasha. Mama, nilipandwa na hasira, nikamwambia, “Mwanangu, mimi unanichezea? Lori langu linakuja na mwenzio ananingoja!”

Akafunga mlango, akanishika magoti. “Da Hajira, ukimaliza tu wananitoa. Tate yuko njiani.”

Tate ni baba yake, Abdi, anafanya kazi ya reli huko Moshi, alimwacha binti huyu meno ya utoto hayajamng'oka, na alituma neno kwa dereva mmoja kwamba angekuja na kwamba asiolewe yeye hayupo. Lakini baba yake mdogo, Mzee Mdoe, ndiye aliyepanga siku, na Mzee Mdoe akasema, “Kaka alinipa ruhusa zamani, treni haina ahadi, na sheikh hawezi kulala hapa.” Basi mtoto wa watu akaona hana silaha nyingine ila mikono yake mwenyewe.

Wakati anasema hayo lori likapiga honi barabarani. Nikakisogelea kikapu changu, nikamtazama, nikatazama kikapu. Mama, sikuweza. Nilikaa chini nikaanza ua jipya, lenye majani mengi kuliko yote niliyowahi kuchora, nikawa napaka jani moja napumzika, napaka jingine nasifia. Mzee Mdoe akija mlangoni anakohoa, “Tayari?” Mimi najibu, “Hina haijakolea, mzee.” Akizunguka anarudi, “Bado tu?” “Ndiyo kwanza inashika, mzee.” Wanawake wa uani wakanusa jambo, na badala ya kutusema wakaingia kazini nao, mmoja akaifua upya kanga ya bibi harusi iliyokwisha kauka, mwingine akampelekea sheikh kahawa, kisha mihogo, kisha kahawa tena, ngoma ikapigwa mpaka vumbi likatimka, na wote kwa sauti moja wakawaambia wanaume kwamba bibi harusi hatoki mikono mitupu na mtu asikanyage chumba hiki.

Jua limesimama utosini tukasikia kelele njiani. Alikuwa Abdi, viatu mkononi, sanduku la bati kichwani, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi, lori lilimwishia mafuta akaja mbio kwa miguu. Chausiku alitoka na hina yake mbichi akapiga kelele, “Tate!”, akamkumbatia, na kanzu ya mzee yule ikapata mikono miwili ya hina mgongoni. Unajua nani alilia kwanza? Mzee Mdoe, yeye aliyekuwa anatuharakisha, alimshika kaka yake shingoni akalia kama mtoto mchanga. Vigelegele vya siku ile bado ninavyo masikioni. Baba akamwoza binti yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilipofika Korogwe watu walikuwa wametoka kanisani. Grasiana alifunga ndoa kichwa kimefunikwa kitambaa cha jikoni, mama yake alikipinda vizuri lakini mimi nilikijua. Na mama yake huyo, Bibi Stefania, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, baba zetu walikuja pamoja kukata mkonge, Idi anakula kwangu, Krismasi nakula kwake. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema, “Tumekuona, Hajira. Wa kwenu umempamba, wa kwetu umemwacha.” Tangu hapo nikimwamkia anatazama kuku.

Na juu ya hayo sifa zangu zimeenea huko, eti Hajira ana subira, mwacheni angoje, sasa wateja wananichelewesha mara mbili ya zamani. Je, niwe mkali? Nikiwa mkali nitamfukuza Chausiku mwingine. Nikiwa mpole nitamkosa Grasiana mwingine. Nifanyeje, mama?

Hajira, mpambaji, Korogwe.

JIBU

Marahaba, mwanangu Hajira.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na karani wetu, mwanamume mwenye masharubu, alilazimika kutoka nje pale Abdi alipotokea na sanduku lake. Kwa hiyo tumekuelewa. Ungepanda lori lile la alfajiri ningekuona mtu mgumu.

Lakini usijipongeze bado. Asubuhi uliyompa Chausiku haikuwa yako, ulikwisha kumpa Grasiana. Sadaka hutolewa katika mfuko wa mtoaji, nawe ulitoa katika mfuko wa jirani. Na kuna hili linalonikera zaidi: lori lilipopiga honi, dereva wake hakuwa na masikio? Uani mlijaa wanawake wa kufua kanga iliyokwisha kufuliwa, asipatikane hata mmoja wa kukimbilia barabarani aseme, “Mwambie Bibi Stefania, Hajira hatawahi, atafute msusi mwingine”? Neno moja tu, na binti wa watu asingefunikwa kitambaa cha jikoni. Ulikuwa na huruma, ukasahau akili.

Aliyokuambia Bibi Stefania ni uchungu wa mzazi, usiyajibu kwa mambo ya dini. Hata yeye hayaamini.

Sasa wateja wako. Unawaweka kapu moja watu wasiofanana. Chausiku hakukupotezea wakati, alikuwa na shida, na ulipouliza ukaambiwa. Basi mtu akikuchelewesha, uliza kwanza kuna nini. Akiwa na shida, mtazame kama binadamu. Akiwa hana, kama yule wa Kerenge, bisha hodi, waamkie wazee, sema ulikuja, kisha ondoka. Usikae! Atakasirika safari hiyo. Safari ya pili utamkuta mlangoni kichwa kimekwisha fumuliwa. Huyu wa ugali na samaki, mwambie kabla hujagusa kitana: pika kwanza, gombana kwanza, ukimaliza niite. Akiinuka, nawe inuka. Mtu hawezi kutembea na nusu kichwa mpaka sokoni, atarudi kukaa.

Bibi Shida mwache kama alivyo. Nenda kwake siku usiyo na kazi, mpelekee habari zake, wala usimhesabu kuwa mteja. Huyo ni bibi yako.

Na maharusi wawili siku moja, marufuku. Huna mabawa. Wakikuita wawili, mmoja mwambie hapana tangu mwanzo, na umwelekeze kwa msusi mwenzako. “Hapana” ya mapema haijamvunjia mtu ndoa.

Lakini yote hayo yangoje. La kwanza ni Grasiana. Usimtume mtu, usipeleke zawadi mbele yako, na usianze kujitetea eti wakati ulikupita. Panda lori mpaka Kwedizinga, umchukue Chausiku, na mzee Abdi kama bado hajarudi kwenye reli yake. Aliyefaidi asubuhi ile ni Chausiku, naye aje aombe radhi kwa kinywa chake. Ingieni kwa Bibi Stefania kwa mlango wa mbele, mchana, majirani wakiona. Chausiku aeleze kisa chake mwenyewe, wewe unyamaze, washa jiko la mkaa, upashe kitana moto. Kabla nywele za Grasiana hazijafika mabegani, maharusi hao wawili watakuwa wanawasengenya waume zao na kucheka, na Bibi Stefania atakuwa anakuuliza kama umekula.

Kula. Ukishiba, andaa kitana kingine, umsuke na yeye.

Bi Dorkasi