Mirija Mirefu ya Asembo Bay

Asembo Bay
18 Aprili 2020

Kwako Mama Adongo,

Salamu nyingi kutoka huku ufuoni. Mimi ni mzima, mbuzi ni wazima, ila jogoo wako tulimla Pasaka, usimlilie. Wewe je, na hao wagonjwa wako wa korona? Redio inasema manesi hawapumziki. Kula vizuri. Nimekuita Mama kwa sababu una jina la mamangu, na yeye hakuruka chakula hata siku moja.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulipopiga simu sikusikia neno. Injini za mashua nilizotengeneza maisha yangu yote zimenimaliza masikio. Nilikujibu tu "ndiyo, ndiyo". Kama nilikubali jambo la ajabu, niambie. Barua tumpe Calvince, yule wa lori la barafu ya samaki, maana yeye huja kutoka Kisumu kila wiki.

Sasa sikia ujanja wa babako. Chifu alipotangaza watu wakae mbalimbali, wazee walinuna kama waliofiwa. Unaijua Jumamosi yetu: chungu kimoja cha pombe ya busaa ya Mama Dorca katikati, sisi tumekizunguka, kila mtu na mrija wake. Amolo akasema basi, imekwisha. Nikamwambia ngoja. Nilikuwa na paipu mpya ya petroli, haijawahi kuguswa na petroli. Nikaikata, nikaiunga kwenye mirija yetu, ikawa mirefu hata mtu anaweza kunywa akiwa kwenye kivuli cha jirani. Tumekaa mbalimbali kweli kweli, na kila barakoa tumeitoboa tundu la mrija. Wakhisi alipitisha wake dirishani akanywa akiwa chumbani kwake! Anasema yeye amejifungia kama serikali ilivyoagiza.

Serikali tumeitii, na Jumamosi tumeiokoa.

Babako mwenye akili,
Absalom Okinyi


Kaloleni, Kisumu
23 Aprili 2020

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Presha umepima? Dawa ya sukari bado ipo?

Barua yako nimeisoma nikacheka hadi Terry, jirani yangu, akagonga ukuta kuuliza kama nina wageni. Halafu nikaketi kitandani nikashika kichwa. Baba! Mirija ni mirefu, lakini chungu si ni kile kile kimoja? Kila mtu akipumzika, kilichobaki ndani ya paipu kinarudi chunguni na mate yake. Mngekaa hata ng'ambo ya ziwa bado mngekuwa mnanyweana midomo.

Nawaona watu wa rika lako wodini kila siku. Siji nyumbani kwa sababu naogopa kukuletea huu ugonjwa, na kutokuja kunaniuma. Sasa nijinyime kukuona halafu uletewe na Amolo? Nakuomba, kifunikeni hicho chungu.

Na kwenye simu nilikuuliza kama umeacha busaa. Ukasema ndiyo, ndiyo. Nikamshukuru Mungu bure.

Bintiyo anayekupenda,
Caren Adongo


Asembo Bay
9 Mei 2020

Mama Adongo,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Wazee niliwasomea barua yako kwa sauti. Pale kwa kunyweana midomo Wakhisi alitema chini, na mjadala ukaishia hapo. Chungu kimefudikizwa nyuma ya nyumba ya Dorca, kuku wanakikalia. Siku hizi Dorca anampelekea kila mtu kidumu chake nyumbani. Kwa hivyo hakuna mate ya mtu. Usiwe na wasiwasi.

Sina habari nyingine. Kumetulia sana huku.

Babako


Kaloleni, Kisumu
20 Juni 2020

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Nilingoja barua. Calvince amekuja mikono mitupu mara tano.

Nilimbana mpaka akasema. Anasema amekukuta mlangoni na kidumu, jua halijapanda, na injini ya Amolo iko sakafuni vile vile tangu mwezi uliopita. Usimkasirikie, si mbea, alikuwa anatazama viatu vyake wakati ananiambia.

Baba, sikugombezi. Naogopa. Umekunywa Jumamosi tu maisha yako yote, na Jumapili uko kanisani mstari wa mbele. Asubuhi hukuwa mtu wa pombe. Ni mimi niliyewaambia mfunike chungu, nikadhani nimekuokoa. Kuna nini? Niambie ukweli hata kama ni mstari mmoja. Sina mzazi mwingine.

Bintiyo,
Caren


Asembo Bay
4 Julai 2020

Mama Adongo,

Salamu. Presha imepanda, sikufichi. Calvince hakusema uongo.

Nimekaa na swali lako siku nyingi, maana hata mimi nilitaka kujua. Nadhani ni hivi. Pale chunguni Amolo ndiye msimamizi wa zamu. Ukivuta sana anakugonga mrija kwa kidole: "Okinyi, pumzisha mrija bwana, na wengine wana koo!" Basi unapumzisha, unasimulia. Ukimaliza kusimulia, Wakhisi amekubishia, umemjibu, jua limeshuka. Mtu anarudi nyumbani ameshiba maneno, busaa yenyewe kidogo tu.

Hapa nyumbani hakuna wa kunigonga. Nainua kikombe, ukuta unaniangalia, nainua kingine. Na wewe unayajua masikio yangu. Wale watu walikuwa wananipigia kelele hadi mishipa ya shingo inatoka, ndiyo nasikia. Siku hizi wiki inapita sijasikia sauti ya mtu. Kwa hivyo si kiu, Mama. Ni kimya. Nikinywa kinapungua, nikiamka kiko pale pale.

Nimeona aibu kuandika haya, lakini umetaka ukweli.

Babako,
Absalom


Kaloleni, Kisumu
11 Julai 2020

Baba yangu,

Shikamoo, na asante.

Barua yako nimeisoma nikiwa na glasi ya mvinyo mkononi. Ndiyo, mimi, mwimbaji wa kwaya. Ilianza siku alipofariki mama mmoja pale wodini, alikuwa ameushika mkono wangu na mimi nimevaa glavu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kulala. Terry akanipa chupa aliyokuwa ameweka ya sherehe, akasema onja kidogo ulale. Nililala. Kesho yake nikanunua yangu. Sasa nikitoka kazini nafunga pazia kwanza, ndiyo namimina. Hakuna anayejua, na hakuna wa kunigonga.

Kumbe tuko wawili, kila mtu na ukuta wake. Nilidhani nikikuambia utaniona mtu mwingine. Lakini umeniambia yako, nami nimechoka kujificha.

Nifanye nini, Baba?

Caren wako


Asembo Bay
25 Julai 2020

Mtoto wangu,

Nimesoma, nikasimama, nikaketi tena. Wewe si mtu mwingine. Ni Adongo yule yule, ila umebeba mizigo ya watu bila wa kukupokea. Kukugombeza siwezi, ningeanza na mdomo wangu mwenyewe.

Kidumu nimemrudishia Dorca siku ile ile. Alidhani nimepata muuzaji mwingine, akaninunia. Halafu nikaenda kwa Amolo, nikapiga kelele nikiwa nje ya ua. Tukamwita Wakhisi. Tumepanga hivi: Jumamosi tunakaa ufuoni penye upepo, mbalimbali, kila mtu na kikombe alichotoka nacho kwake. Dorca anamimina kwa kata yenye mpini mrefu, mara moja tu. Siku nyingine ni chai. Na Amolo amejikatia mwanzi mrefu kama wa kuvulia samaki. Ukiomba kikombe cha pili anagonga kiti chako, to! Mama, huo mgongo wa kiti nausikia hadi kwenye meno! Wananipigia kelele toka mbali, mwalo mzima wa wavuvi sasa unajua siri zetu. Injini ya Amolo imenguruma jana.

Calvince amekubebea kitu kirefu kwenye gazeti. Ni mrija wako. Nimekuchongea mwenyewe, wa kawaida, hauna paipu. Ni wa kunywea chunguni na watu. Ukiutia kwenye glasi ya mvinyo peke yako utaonekana mjinga, na hiyo ndiyo dawa yake. Siku ugonjwa ukiondoka utakuja nao nyumbani.

Kabla ya siku hiyo, ukitoka kazini niandikie, hata kama ni neno moja. Mimi nitakugonga kutoka huku.

Babako


Kaloleni, Kisumu
15 Agosti 2020

Baba mpendwa,

Shikamoo! Presha ikoje? Mimi leo ni mzima wa kweli.

Mrija nimeutundika juu ya kitanda. Jumatatu nilishindwa, nikamimina, nikautia kwenye glasi. Ulinigonga jicho. Mvinyo ukamwagikia shuka nyeupe na mimi nikacheka peke yangu kama kichaa. Terry akaja kuangalia kuna nini, ikabidi nimweleze yote. Siku hizi nikitoka kazini naacha pazia wazi. Yeye anakaa kwenye ngazi yake, mimi kwenye yangu, tunakunywa chai ya tangawizi na kuwasema wapangaji wote. Usingizi unakuja wenyewe.

To!

Bintiyo,
Caren


Asembo Bay
17 Julai 2021

Mama Adongo,

Salamu. Hujaandika tangu Mei. Redio inasema korona imerudi kwa nguvu huku kwetu kote kando ya ziwa na wodi zimejaa. Calvince anasema amekuona kwa mbali, unatembea, umekonda.

Hapa tuko wote, hata mmoja hajapungua. Tumechanjwa hospitali ya Kombewa, Wakhisi alipiga yowe kabla sindano haijatoka kwenye karatasi. Kikombe changu ni kile kimoja cha Jumamosi.

Sikudai barua ndefu. Nimekaa mezani nagonga. Unasikia?

Babako


Asembo Bay, hapo hapo
23 Oktoba 2021

Baba mpendwa,

Shikamoo. Afya yako nitajionea mwenyewe.

Nilikuwa nasikia. Kila jioni ya miezi ile mibaya nilikusikia, nguvu ya kushika kalamu ndiyo sikuwa nayo. Chupa sikuigusa, ingawa niliifikiria sana. Sasa wodi imepungua, kafyu imeondolewa juzi, nimechanjwa mara mbili na jana nimepimwa, sina kitu. Nimepewa likizo.

Barua hii nimeiandika kwenye goti, ndani ya lori, juu ya barafu ya watu. Nimemwambia Calvince atangulie nayo kama kawaida, ili presha yako isishtuke. Atajifanya ana haraka barafu inayeyuka, lakini anangoja kuuona uso wako. Tumepita kwa Mama Dorca, amefukuza kuku na ameosha chungu. Mirija mirefu sitaki kuiona. Nina wangu mkononi.

Mistari hii ya mwisho naiongeza langoni kwako: nimegonga mara mbili, kwa nguvu, na hujasikia. Baba, weka karatasi chini. Inua macho.

Mama Adongo wako