Nimemchapa Mkwe kwa Ufagio

Mwenzangu, umeamka? Nina jambo, na usimwambie mtu.

Kabla ya alfajiri nimesikia kiti kinakwaruza sakafu sebuleni. Kisha puu! Mtu akaguna kwa maumivu. Nikajua wezi wanamuua mkwe wangu, maana ndiye aliyelala kwenye kochi.

Nikashika ufagio wa mpini mrefu. Gizani nikaona mtu kainua goti. Nikamtandika mgongoni. Nikamtandika tena!

"Mama, ni mimi! Mkweo!"

Ni yeye, mwenzangu! Mume wa binti yangu! Kakosa usingizi, anaangalia filamu ya ngumi ya Kithai kwenye simu, huku anamwiga yule jamaa wa kupiga kwa viwiko na magoti. Na sauti kaipunguza, eti nisiamke.

Nimempiga mkwe. Kwa ufagio! Na hii ndiyo mara yake ya kwanza kulala kwangu. Asipotaka kurudi, mjukuu wangu nitamwonea wapi?

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akanivutia kiti. "Kaa, Mama. Huyu jamaa wa filamu anamtafuta dada yake." Akanisomea maandishi ya chini mpaka mwisho, huku akijipapasa mgongo kwa mkono mmoja.

Sasa hivi wameondoka, yeye na mjukuu wangu. Nimewasindikiza hadi getini, hata samahani imegoma kutoka.

Kumbe naye alikuwa na wasiwasi wake. Kageuka, mtoto begani: "Mama, uje kwetu. Usipokuja nitajua umenikasirikia kwa kukuamsha. Na usibebe kitu, ufagio tunao."