Nimechubua Kioo cha Lenzi ya Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie. Mimi ni mpiga picha wa studio, na kazi hii nilifundishwa na baba mkwe wangu, aliyelipigia gazeti picha za michezo maisha yake yote. Nilipoolewa sikujua hata kuweka filamu kwenye kamera, akanikalisha kitako akanifunza kama binti wa kumzaa, na alipostaafu akawaruka wanawe watatu akanikabidhi mimi lenzi yake ya vioo, yaani ndani ina vioo kama vya kujitazamia, fupi na nene kama kopo la maziwa lakini inaona mbali sawa na zile ndefu kama mkono, na siku hizi ya aina hiyo haitengenezwi tena, kuipata nyingine ni kazi. Sasa mwezi uliopita nikaona ukungu ndani, nikajifanya fundi, nikaifungua, nikapangusa kioo cha nyuma, ile rangi ya fedha ikatoka na kitambaa, pakabaki doa jeusi, dogo kama ukucha. Nililia, mshauri. Nikaificha kabatini chini ya mashuka, hata mume wangu hajui. Juzi baba kanipigia simu: "Mwanangu, mjukuu wangu anakimbia fainali. Njoo na ile lenzi, nimpige picha moja kabla macho hayajaniishia." Nikajibu, "Sawa baba." Je, nimwambie imeibiwa?

Mkwe mwenye aibu

Mkwe mwenye aibu,

Imeibiwa na nani, na mashuka? Acha hizo. Pole kwa machozi, najua uliiharibu ukitaka kuitunza. Lakini mzee aliyekuamini kuliko wanawe humlipi kwa uongo. Kitambaa nakusamehe, mwezi mzima wa kujificha, hapana. Nimemuuliza fundi wa kamera, kasema doa dogo hivyo kwenye kioo halitokei kwenye picha, mwanga utapungua kidogo tu. Basi leo hii, si kesho, ipeleke, useme kwa mdomo wako kabla hajaiona. Akifoka, nyamaza. Akimaliza, mpeleke uwanjani.

Mshauri

Mshauri wangu,

Asante, asante sana. Nilienda, nikamwambia yote kabla hajaiona. Baba aliielekeza dirishani, akachungulia. Kisha akafoka kweli: "Ungeniuliza! Simu yangu huijui?" Nikaomba radhi. Akashusha pumzi, akauliza, "Filamu unayo?"

Uwanjani macho yake yalikataa kulenga. Basi mimi nikachungulia kwenye kamera, nikazungusha lenzi mpaka mtoto akaonekana vizuri, nikasema, "Sasa, baba!" naye akabonyeza. Mtoto alishika nafasi ya nne. Picha imetoka safi, na nyuma ya mtoto jua lililokuwa likimeta kwenye mabati limegeuka vipete vya mwanga, kama lenzi hizi zinavyofanya. Baba aliisogeza mpaka puani, akaitazama weee, kisha akanipa kalamu.

"Andika nyuma," akasema. "Tumepiga wawili."